Kapteni na Mfereji wa Kinyinya

Jumatatu, 20 Oktoba

Wamepiga simu! Hatimaye! Umusambi Air, ile kampuni mpya ya safari fupi, wanatafuta kapteni. Mmoja tu. Na wamenikumbuka mimi, Salvator Sibomana, niliyekaa angani karibu miaka ishirini na mistari minne ya kapteni begani. Mimi ambaye tangu ule ugonjwa ulipofunga viwanja vya ndege na shirika langu kule ng'ambo likafa, nauza magodoro dukani kwa mke wangu hapa Niboye, Kigali. Magodoro! Mtu aliyetua Lagos katikati ya radi, leo anawabonyezea wateja sponji.

Msichana wa ofisini akaniambia nitapimwa Ijumaa ya tarehe 31, kwenye simyuleta, ile mashine inayojifanya chumba cha rubani na kukuangusha bila kukuua. Nikifaulu, kiti ni changu. Nikishindwa, wana majina mengine mezani. Nikamuuliza, kwa heshima zote, nani atanipima. Akasema Kapteni Audace Kaze.

Audace! Nikakaa chini juu ya godoro la mteja. Audace yule yule niliyemfundisha kazi! Alikuwa rubani msaidizi wangu. Nilikuwa namtuma chai. Nilimwamuru avue miwani ya jua mbele ya abiria wote. Siku moja nilimwacha Entebbe kwa sababu alichelewa basi la hoteli, akarudi kesho yake na ndege ya watu wengine. Na leo huyo ndiye wa kunipima mimi? Dunia haina adabu.

Mke wangu Cécile haoni tatizo. Eti, Baba Iteka, si usome tu kitabu? Kitabu cha ndege kipo, kampuni wamekituma kwenye simu, kinene kama Biblia. Anasema jioni atanisomea yeye, mimi nijibu. Nimemwambia kazi hii ni kujuana na watu, kitabu ni cha watoto wa shule.  Amerudi kupanga mito.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimejaribu, asije akasema sikujaribu.

Sisi marubani tuna mazoezi ya kiti. Unabandika ukutani picha kubwa ya dashibodi ya ndege, unakaa mbele yake, unagusa vitufe vya karatasi na kutaja kila hatua kwa sauti. Basi nikabandika picha yangu nyuma ya duka, nikakalia kiti cha plastiki. Cécile akakalia kingine, akawa rubani msaidizi. Akatangaza moto kwenye injini ya kulia. Mimi nitaje mpini wa kuizima, yeye athibitishe, ndipo nivute. Nikavuta. Akasema hajathibitisha. Nikamwambia nimeuona mwenyewe, macho ninayo. Akasema kitabu kinataka mwenzako athibitishe kwanza. Ala! Kumbe nimeoa mtahini!

Halafu akaingia mteja, mama mmoja mwenye mwavuli, akanikuta naupigia ukuta kelele. Akamuuliza Cécile kwa sauti ya chini kama mzee anaumwa. Cécile akamjibu kwamba mzee anaruka. Yule mama akasema atarudi siku nyingine. Godoro halikuuzwa na lawama nimepewa mimi!

Jioni ndege ikapita juu yetu ikienda kutua Kanombe. Kwa sauti tu nilijua rubani amepunguza nguvu mapema mno. Barabarani hakuna aliyeinua kichwa. Mimi nilisimama pale na godoro begani mpaka ilipopotelea nyuma ya nyumba za watu. Nataka kurudi. Nataka mpaka kifua kinauma. Haya, nimeshaandika, sitaandika tena.

Lakini akili yangu hailali. Nimeulizauliza. Audace anakaa Kinyinya. Na Jumamosi hii ni ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda! Nchi nzima itakuwa nje na majembe, kila mtu mtaani kwake, mkubwa kwa mdogo. Audace naye atakuwepo. Kwenye umuganda hakuna mtahini wala mtahiniwa, kuna jembe tu. Mtu uliyechimba naye Jumamosi atapata wapi uso wa kukuangusha Ijumaa? Nitakuwa Kinyinya. Nitachimba ubavuni pake. Kwa bahati tu, bila shaka.

Cécile anasema umuganda unafanywa pale unapoishi, na sisi Niboye tunapanda miti. Waipande. Mti mmoja hautajua kama sipo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandika kwa shida. Mikono yote miwili malengelenge matupu.

Niliondoka na moto, pikipiki ya kukodi, asubuhi kabla barabara hazijafungwa, jembe jipya mapajani, mpini bado una karatasi ya dukani. Dereva akaniuliza kama napeleka zawadi. 

Nikawakuta kwenye mteremko, watu wengi, wanachimba mfereji kando ya barabara ya udongo. Audace huyo hapo, mabuti ya mpira, kitambi kimetangulia. Nikajisogeza taratibu, nainama, nachimba, najisogeza tena, mpaka majembe yetu yakakaribia kugongana. Akanyanyua kichwa. Akapiga ukelele: Mkubwa! Wewe, Kinyinya? Nikamwambia, ah, kumbe na wewe uko huku? Nikashangaa vizuri sana. Nilistahili kupigiwa makofi.

Halafu nikachimba. Lo, nilivyochimba! Audace akipumzika, mimi sipumziki. Audace akishika simu, mimi nashika jembe. Bibi mmoja akanisihi nipunguze kwa sababu udongo wote namtupia miguuni. Nikamwambia nchi haijengwi polepole. Akahama.

Mpaka hapo mambo safi. Kilichoniua ni mkutano. Kazi ikiisha watu hukaa kwenye majani na mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa, huongea. Wa kwao ni mama mmoja mkavu anaitwa Claudette. Akaongea bima ya afya, akaongea takataka, akaongea mbwa wanaozurura. Nikawa nimejificha nyuma ya mtu mnene, nasubiri kuisha. Kisha akauliza kama kuna wageni au wahamiaji wapya. Nikainama kufunga kamba za viatu. Na Audace, nyoka yule, akanishika kwapa akaninyanyua! Akatangaza kwamba huyu ni kapteni wake wa zamani, mwalimu wake, mtu mkubwa. Makofi. Claudette akauliza kapteni anakaa nyumba ipi.

Sasa nani angesema ukweli pale? Niseme nimetoka Niboye, nimevuka mji mzima na jembe jipya, nimeacha umuganda wa kwetu, nije kujipendekeza kwa kijana niliyekuwa namtuma chai? Nikasema ndiyo kwanza nahamia. Akauliza wapi. Nikatazama huku, nikatazama kule. Juu ya mteremko kulikuwa na nyumba isiyo na paa, kuta tupu, nyasi zimeota mpaka dirishani. Nyumba isiyo na mtu haina wa kunikanusha. Nikainyooshea kidole.

 Mara kelele! Watu wamesimama, wengine wanacheka, wengine wanamshukuru Mungu. Nikadhani Kinyinya ni watu wakarimu kupita kiasi. Mzee mmoja anaitwa Hirwa akaja akanishika mkono na hakuuachia tena. Eti tangu mvua za mwaka jana, uwanja wa nyumba ile unawamwagia maji na matope wote walio chini yake. Jiko la mzee Hirwa limejaa udongo mara mbili. Wamemtafuta mwenye nyumba mpaka wamechoka. Aliyeuza kiwanja ameondoka, aliyenunua hajawahi kutia mguu mkutanoni, simu yake haipokelewi. Claudette alikuwa akilisema jambo hilo kila mwezi. Na leo mwenye nyumba amejileta mwenyewe, tena na jembe!

Jasho likanitoka mpaka kwenye masikio. Nikamtazama Audace. Alikuwa ananitazama kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha baba yake shuleni. Nikashindwa. Nikasimama wima, nikachanganya Kinyarwanda na Kiswahili changu cha Buyenzi kule Bujumbura, nikaahidi kwamba kabla ya Ijumaa mfereji wa kugeuza maji hayo utakuwa umekamilika. Claudette akaniambia nirudie kwa sauti, wa nyuma hawajasikia. Nikarudia.

Kisha wakanipiga picha. Wakaniweka katikati!

Jumapili, 26 Oktoba

Picha ilifika Niboye kabla yangu. Watu wa Kigali na simu zao! Mkuu wetu wa mudugudu alimuuliza Cécile mlangoni mwa kanisa kama tumehama bila kuaga.

Kwa hiyo Cécile akanikalisha. Akataka kujua tangu lini tuna nyumba Kinyinya na anakaa nani ndani yake. Niliapa kwa kila kitu hakuna mwanamke. Nilimweleza yote kutoka mwanzo, jembe, mkutano, matope, mzee Hirwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema angeona afadhali ingekuwa mwanamke, kwa maana hilo angalau linaeleweka.

Anataka nimpigie Audace leo hii, nimwambie ukweli, tucheke, niende nikasome. Nikamwambia ukweli wa namna hiyo unasemwa baada ya mtu kuajiriwa. Akili yake haioni mbali. Nikichimba wiki nzima, Audace ataniona kila jioni akitoka kazini. Atauona moyo wangu. Atauona uvumilivu. Huo ndio mtihani wenyewe, huo wa Ijumaa utakuwa wa kupeana mikono.

Iteka amepiga simu kutoka chuoni Huye. Ameshawaambia wenzake wote kwamba baba yake anarudi angani. Nani alimtuma? Sasa na yule naye ni mzigo juu yangu.

Jumanne, 28 Oktoba

Siku ya pili shimoni. Jana nilichimba, mvua ya usiku ikafukia. Leo nimechimba upya. Mzee Hirwa ameleta kigoda chake, anakaa kwenye kivuli ananielekeza kwa fimbo. Kushoto kidogo. Kulia kidogo. Zidisha kina hapo, Kapteni. Mimi! Niliyekuwa naongozwa na minara ya Paris na Dubai, leo mnara wangu ni mzee mwenye fimbo!

Lakini Audace amekuja jioni. Ameniletea ikivuguto baridi, maziwa ya mgando, tumekunywa tumekaa juu ya jiwe. Na hapo akaniambia maneno ambayo sikuyatarajia. Kwamba ule utuaji wa upepo wa ubavuni niliomfundisha, yeye anawafundisha vijana wote, na anawaambia ni wa Salvator. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelipeleka jina langu Umusambi. Kwamba aliomba kwa mdomo wake anipime yeye, kwa sababu alitaka siku ninaporudi awe amekaa nyuma yangu aone.  Maziwa yakanipalia. Alinipigapiga mgongoni.

Nikasema moyoni, Salvator, umeshinda!

Akafuta midomo. Akasema ila kwa bahati mbaya sasa sisi ni majirani. Asubuhi alikwenda ofisini akajitoa. Eti haifai mtahini ampime jirani yake wa mudugudu mmoja, watu watasema. Kwa hiyo Ijumaa nitapimwa na Alida Mukantwari.

Alida! Yule aliyemwangusha binamu yake mwenyewe kwenye mtihani, halafu wakaenda wote kwenye arusi wakakaa meza moja!

Nilitaka kupiga kelele. Sikai hapa! Mimi ni wa Niboye! Hii nyumba siijui hata mwenyewe ni nani! Nikafungua mdomo. Lakini angeniuliza, sasa, Mkubwa, humu shimoni unafanya nini? Nikaufunga. Nikashika sululu nikachimba kama mtu anayetafuta mafuta. Audace akasema kweli wazee wa zamani mna nguvu.

Cécile nimemwambia wakati wa kula. Aliweka kijiko chini. Akasema bado njia ipo, simu ni hiyo hapo, mwambie si jirani yako, atarudi kuwa mtahini wako, basi. Kwa jinsi anavyoongea ungedhani jambo ni rahisi. Nikamwambia mwanamume haombi msamaha akiwa na matope kwenye nyusi. Akauliza je, akioga?

Alhamisi, 30 Oktoba

Siku haikuniheshimu hata kidogo.

Nilikuwa nimefika magotini kwenye mfereji, karibu namaliza, gari dogo likasimama. Akashuka mtu wa makamo, kanzu safi, kofia ya kazi ya mkono, tepu ya fundi cherehani bado iko shingoni. Akanisalimia kwa Kiswahili cha Nyamirambo kilichonyooka. Anaitwa Nasiri. Akaniuliza kwa upole, ndugu yangu, nani amekutuma kuchimba kwenye nyumba yangu?

Nyumba yake!

Nikasema umuganda. Akauliza wenzangu wako wapi. Nikasema wako njiani. Yule mtu akakaribia kulia. Akaniambia alikuwa anaogopa kuja huku kwa sababu ya maji yanayowamwagikia watu, kazi za cherehani zimepungua, ujenzi ukasimama, na kila namba ya Kinyinya ikipiga alikuwa haipokei. Na kumbe majirani wamemchimbia bila hata kumtukana. Akaniombea dua ndefu, mimi, wazazi wangu, watoto wangu. Nilisimama nikaipokea yote, ningefanya nini?

Halafu akasema kwa kuwa nipo, na kwa kuwa naonekana mtu wa moyo safi, kuna kokoto zimerundikwa sebuleni, kama ningeweza kuzitoa nje. Nikazitoa! Kokoto zote! Ningekataa, angeuliza maswali. Na mzee Hirwa yuko kwenye kigoda chake anatazama. Nasiri alipoondoka, mzee akaniuliza yule ni nani anayetuamuru kwenye nyumba yetu. Nikasema ni fundi wangu wa nguo. Angalau hilo halikuwa uongo.

Mfereji umekwisha. Mvua imenyesha saa kumi na maji yamepita pembeni, hakuna hata tone lililoingia jikoni kwa Hirwa. Mzee ameniletea parachichi mbili. Amenishukuru mpaka nimeona haya.

Kwenye pikipiki ya kurudi nimefungua kitabu cha ndege. Nimesoma kurasa mbili nzima. Zote zilikuwa orodha ya yaliyomo.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimeonewa. Naandika kwa hasira na sitaki mtu aniingilie.

Nilifika mapema, viatu vinang'aa, mikono imefungwa bandeji kila kidole. Alida Mukantwari ni mwembamba, hacheki, hapokei sifa. Nilimsifia saa yake ya mkononi. Akasema inasoma kwamba tumechelewa kuanza.

Na rubani msaidizi wangu, mnajua ni nani? Ikirezi! Rafiki wa binti yangu! Alikuwa anakuja nyumbani na sare ya shule kula chapati zetu. Leo ana mistari miwili begani. Akanisalimia kwa mikono yote miwili, akaniita Kapteni. Nikasema vizuri, adabu anayo.

Tukaruka. Na hapa nitasema ukweli wa Mungu. Mashine ilipotetemeka, taa za uwanja zikaanza kupita pembeni, nikavuta usukani na pua ikanyanyuka, mikono yangu ilikumbuka kila kitu. Bandeji na yote. Kigali ikabaki chini kwenye kioo, na mimi nikacheka kwa sauti. Miaka yote ya magodoro ikanitoka kichwani. Nilikuwa nyumbani.

Kisha kengele. Moto, injini ya kulia.

Mimi kengele haziniogopeshi. Mkono ukaenda kwenye mpini. Ikirezi akasema, Kapteni, naomba tuthibitishe. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilikuwa naruka kabla hujaota meno. Akasema tena, kwa sauti kubwa kidogo, Kapteni, huo ni wa kushoto. Nikasema najua kushoto kwangu.

Nikavuta.

Kukawa kimya. Kila rubani anakijua kimya hicho, anakiotea ndoto mbaya. Injini moja inaungua na nzima nimeizima mimi. Kwenye kioo vilima vikaanza kupanda kuja kwetu, mapaa ya nyumba, barabara, mpaka nikaona pikipiki zinazopita. Niliogopa. Niliogopa sana. Alida akasimamisha mashine na mji ukaganda mbele yetu, karibu kuushika.  Kisha Ikirezi akasema taratibu, Baba Iteka, ilikuwa ya kulia.

Baba Iteka! Ndani ya chumba cha rubani!

Nikaeleza kwamba tatizo ni bandeji. Kidole kilichofungwa hakina hisia. Alida akaomba kuiona mikono, akaigeuzageuza, akauliza rubani anachimba nini wiki ya mtihani. Nikasema umuganda. Akasema umuganda uliisha Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Sikuwa na la kusema, kwa hiyo nikasema mengi.

Hukumu yake hii hapa, neno kwa neno. Mikono yangu bado inaruka vizuri kuliko ya wengi aliowapima mwaka huu. Masikio ndiyo nimeyaacha nyumbani. Nimepewa nafasi moja ya kurudia, Ijumaa ya tarehe 14, ni yeye tena atakayepima, na nikianguka kiti kinakwenda kwa mwingine na hawataniita tena.

Masikio yangu! Daktari wa marubani ameyapima mwezi wa nane. Yako sawa yote mawili! Cheti ninacho!

Jumapili, 2 Novemba

Audace amepiga simu. Alicheka mpaka akakohoa, akakata, akapiga tena acheke upya. Nasiri amekwenda Kinyinya na familia yake, akajitambulisha kwa Claudette kama mwenye nyumba, na yote yamejulikana. Claudette anataka kuniona. Mzee Hirwa amenitetea, eti kama mwizi wa nyumba anachimba hivyo basi aje na wenzake.

Nilisubiri matusi. Hakuna! Audace hajakasirika. Amesema kwa kuwa mimi si jirani yake na yeye si mtahini wangu tena, sasa hakuna kinachomzuia kunisaidia. Atakuja Niboye kila jioni mpaka tarehe 14. Ikirezi naye amejitolea, atakaa kiti cha pili, atanisomea, mimi nijibu, nimsubiri athibitishe. Na Cécile ameshasafisha nyuma ya duka, amepanga viti vitatu mbele ya ile picha, na amemwambia Iteka kila kitu. Wamenipangia wote pamoja nyuma ya mgongo wangu, kama mtoto aliyefeli hesabu! Nani amewaomba huruma?

Hawaelewi kitu hawa. Wanadhani kosa lilikuwa mpango. Mpango ulikuwa mzuri! Kosa lilikuwa mtu. Nilijipendekeza kwa mtahini ambaye hakuwa wangu, basi. Mtahini wangu ni Alida.

Na angalieni Mungu anavyofanya kazi. Jana ameingia dukani mama mmoja, anaitwa Kellen, kununua godoro la maarusi. Maneno mawili matatu, nikajua kila kitu. Mpwa wake anamposa mdogo wake Alida! Jumamosi hii, sherehe ya gusaba, familia mbili uso kwa uso, mzee wa upande wa kijana asimame aombe mke kwa maneno matamu na wenye binti wamtanie mpaka jasho limtoke. Na mzee wao sauti imekauka, hasemi, anaandika kwenye karatasi. Mama wa watu alikuwa karibu kulia.

Mimi, niliyetangazia abiria hali ya hewa kwa lugha nne! Nilijitolea hapo hapo. Alikubali kabla sijamaliza kufunga godoro. Nitasimama kama baba mdogo wa bwana arusi, niliyemlea nyumbani kwangu Bujumbura. Alida atakaa mbele yangu alasiri nzima ananisikiliza. Akishanipa mdogo wake, ataninyima ndege?

Hotuba ya gusaba si mchezo, inataka kutungwa, na jioni zangu zote zimeshajaa. Kwa hiyo nimewatumia ujumbe Audace na Ikirezi wasije. Ikirezi amejibu sawa, Kapteni. Audace hajajibu.

Cécile amevirudisha viti dukani kimoja kimoja bila kunitazama. Ameniuliza swali moja tu: huyo mtoto niliyemlea anaitwa nani?

Wivu mtupu. Jina nitalijua huko huko.